Maji Hayachagui: Mazingatio katika Suratul Anbiyaa, Aya ya 30

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Katika aya hii Mwenyezi Mungu (s.w.) anatufahamisha kuwa kila kilicho hai kimetokana na maji, kisha anauliza kama watu bado hawaamini. Tunaitumia sana, hasa tukijadiliana na wenzetu wa sayansi. Tunaisoma, tunasema Qur'ani ilishatangulia, na mjadala unaishia hapo. Mimi naona tunaipita haraka. Aya imetuelekeza kwenye maji. Basi tuyaangalie hayo maji yenyewe.

Molekuli moja ya maji ina atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, na umbo lake limepinda. Kwa kupinda huko, upande mmoja una chaji chanya kidogo na upande wa pili chaji hasi. Jambo dogo hilo ndilo linalozifanya molekuli za maji zishikane, na ndilo linaloyawezesha kuivamia chumvi, kuivunjavunja na kuibeba. Kwa kushikana, maji hupanda kutoka mizizini hadi jani la juu kabisa la mkaratusi, bila pampu. Kwa kubeba, damu yetu hufikisha sukari na chumvi kwenye seli, na taka za mwili hutoka kupitia figo. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji. Tazama dua ya kufuturu iliyopokewa na Ibn Umar (r.a.): baada ya kutaja kuondoka kwa kiu, Mtume (s.a.w.) ametaja kulowa kwa mishipa. Hakutaja ulimi wala koo.

Lakini sifa hiyohiyo ina upande wa pili. Maji hayachagui cha kubeba. Yanabeba uhai, na yanabeba chochote kingine tutakachoyapa.

Ushahidi tunao jirani. Mto Nyabarongo unapita pembeni mwa Kigali ukiwa na rangi ya udongo wa milima yetu, na maji yanayosafishwa Nzove kwa ajili ya mji huu yanatoka katika bonde lake. Mitaro yetu inateremkia Nyabugogo, Nyabugogo inaingia Nyabarongo, Nyabarongo inaingia Akagera, na Akagera inakwenda kumwaga katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, kaskazini ya Bukoba. Gugumaji lililowasumbua wavuvi wa ziwa hilo tangu miaka ya 1990 liliingia kwa wingi kupitia mto huu, na lilistawi kwa rutuba iliyoyeyuka ndani ya maji. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwetu mwaka 2008, na tunajivunia usafi wa barabara zetu. Oili chafu ya gari na maji ya sabuni havionekani barabarani. Vimeshafika kwa Waislamu wenzetu wa Bukoba.

Ziwa Kivu nalo lina somo zito zaidi. Chini kabisa, maji yake yana chumvi nyingi na ni mazito, hivyo hayapandi kuchanganyika na ya juu. Humo mumeyeyuka gesi ya kaboni dioksidi na methani kwa wingi mkubwa. Karibu na Karongi, tangu mwaka 2016, maji ya kina cha zaidi ya mita 300 huvutwa juu. Mgandamizo ukipungua gesi inatoka kama soda iliyofunguliwa, methani inachomwa na kuzalisha umeme wa megawati 26. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa gesi yake ghafla usiku mmoja, na watu wapatao 1,700 wakafa. Katika Suratul Muuminun, aya ya 18, tunaelezwa kuwa maji yameteremshwa kwa kipimo na kutuliwa ardhini, na kwamba Aliyeyaleta anaweza kuyaondoa. Neno kipimo nalisoma kwa uzito tofauti kila nikikumbuka maziwa hayo mawili.

Sasa tuje kwenye fiqhi. Tumefundishwa sifa tatu za maji: rangi, ladha na harufu. Najisi ikibadilisha mojawapo, maji yametoka katika tohara. Mabadiliko ya udongo wa njia yake yamesamehewa, kwa hiyo maji ya Nyabarongo yanafaa kwa udhu. Hapo baadhi yetu tunachanganya mambo. Kufaa kwa udhu si kufaa kwa kunywa: vijidudu vya homa ya matumbo havibadilishi rangi, ladha wala harufu. Chemsha. Na katazo la kukojoa katika maji yaliyotuama, lililomo katika Sahihi Muslim, lilitangulia hadubini kwa karne nyingi.

Kuhusu kiasi, wengi hunukuu hadithi ya Saad (r.a.) na israfu hata ukiwa mtoni. Sanadi yake ina maneno. Hadithi ya Anas (r.a.) katika Bukhari na Muslim inatutosha: Mtume (s.a.w.) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja, yaani kama robo tatu ya lita au pungufu.

Weka ndoo chini ya bomba la msikitini, utie udhu kama kawaida yako, kisha pima kilichomo. Fanya hivyo wiki ambayo mgao haujafika kwenu, kwa sababu huko juu kilimani kuna dada anayepanda na jerikani la lita 20 kichwani, na anajua hesabu ya kila kikombe. Jerikani lake linatosha udhu wa Mtume (s.a.w.) mara 26 na zaidi.

Wallahu aalam.