Mapenzi Yamfungayo Mshairi

Mshairi akisha pendwa na watu wake kwa shairi moja, je, ana deni la kulirudia mpaka kufa kwake? Wengi hudhani kwamba mshairi huonewa na adui tu. Maisha ya Mahmoud Darwish wa Palestina yaonyesha kuwa ziko pingu nyingine, nazo hufuliwa na wapenzi wake.

Darwish alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji cha al-Birwa, nchi ya Galilaya. Vita vya mwaka 1948 viliwakimbiza jamaa zake mpaka Lebanon. Waliporejea kwa siri, kijiji kilikuwa kimebomolewa, na wenyewe hawakuwamo katika hesabu ya wakazi. Sheria ya Israeli iliwapa watu wa namna hii jina la ajabu: waliopo wasiokuwapo. Mtoto aliyeonekana kwa macho na kusikika kwa masikio hakuwako katika karatasi. Jambo hili lastahili kukumbukwa kabla ya kumlaumu mtu yeyote, maana shairi lililomfunga baadaye lilizaliwa papo hapo, penye meza ya karani.

Shairi hilo, liitwalo Kitambulisho, lilitoka mwaka 1964. Ndani yake mtu asimama mbele ya karani wa serikali na kumwamuru aandike kwamba yeye ni Mwarabu, ana watoto, na hula kwa jasho la kazi ya mawe. Likaenea upesi kutoka mdomo hata mdomo. Baada ya majeshi ya Waarabu kushindwa mwaka 1967, wasomaji wa nchi jirani waliwageukia washairi wa Galilaya kwa kiu kubwa, wakasifu kila kilichotoka kwao, kizuri na kibovu pamoja. Ndipo Darwish, kijana asiyetimiza miaka thelathini, alipofanya jambo lisilotazamiwa. Mwaka 1969 aliandika makala katika jarida la al-Jadid, mjini Haifa, akiomba kuokolewa na mapenzi hayo makali. Alitaka mashairi yapimwe kwa mizani ya mashairi, yasihurumiwe kwa ajili ya msiba wa wenyewe.

Ni wachache wanaosihi wapunguziwe sifa.

Mwaka 1970 aliondoka, na baada ya Moscow na Cairo akakaa Beirut. Huko na kwingineko wasikilizaji walilidai shairi lile, naye akawa akikataa kulisoma. Walioudhika walisema amejivuna. Lakini maneno hupata maana yake kwa yule anayeambiwa. Kumwambia karani anayekufuta katika daftari kuwa wewe ni Mwarabu ni ushujaa. Kuwaambia hayo Waarabu elfu waliojaa ukumbini ni kujisifu bure.

Hata hivyo wasikilizaji nao wana haki yao, wala haifai kuipuuza. Watu walionyimwa nchi hawana hazina ya kumbukumbu wala sarafu yenye jina lao, wana beti. Akinyamaza mwenye beti, nani atawataja? Na umaarufu aliokuwa nao Darwish ulitoka kwao, akaula kama wengine wanavyokula mavuno ya shamba. Angeweza kuambiwa kwamba mtu hali mavuno kisha akalikana shamba.

Jibu lake limo katika matendo. Tangazo la uhuru wa Palestina lililosomwa Algiers mwaka 1988 liliandikwa kwa mkono wake. Aliketi katika kamati kuu ya chama cha ukombozi, akajiuzulu mwaka 1993 kwa kutoridhika na mapatano ya Oslo. Deni la raia alililipa hadharani. Alichokataa ni kulilipa deni hilo kwa shairi, kana kwamba shairi ni kodi ya kichwa.

Mwaka 1999 alitoa kitabu cha mashairi ya mapenzi, na baadhi ya watu wakanung'unika kuwa ameiacha vita. Lawama hii ndiyo nzito kuliko zote, nayo ina kosa ndani yake. Mtu akiambiwa kuwa hana ruhusa ya kusema juu ya mwanamke, au ua la mlozi, mpaka nchi yake ikombolewe, ameporwa mara ya pili, na safari hii mporaji yu nyumbani. Mwezi Machi 2000 Waziri wa Elimu wa Israeli, Yossi Sarid, alipotaka mashairi yake yafundishwe shuleni, ghasia zilizuka Bungeni hata serikali ikapigiwa kura ya kutokuwa na imani, na Waziri Mkuu Ehud Barak akasema wakati haujafika. Waliomchukia na waliompenda walikuwa wakisoma namna moja: wote waliona bendera, hawakuona mtu.

Mwezi Julai 2008, kwenye Jumba la Utamaduni la Ramallah, alisoma shairi jipya juu ya mcheza dadu, mtu anayekiri kuwa kuzaliwa kwake, jina lake na kuponea kwake vyote vilikuwa bahati tu. Tarehe 9 Agosti alifariki Houston, Marekani, baada ya kupasuliwa moyo. Al-Birwa hakukuwa na mahali pa kumzika. Akalazwa Ramallah, juu ya kilima, kando ya jumba lile lile.