Kizazi Kisichojua

Somo: Zaburi 78:1-8, Waamuzi 2:6-10



Katika Waamuzi sura ya 2 kuna habari inayoweza kumnyima mzazi usingizi. Yoshua amekufa. Wazee wa rika lake nao wamekufa. Kisha kinainuka kizazi kisichomjua Bwana, wala matendo aliyowatendea Israeli. Sasa angalia: hawa si watu wa mbali. Baba zao ndio waliovuka Yordani. Yale mawe 12 yalisimamishwa Gilgali ili mtoto akiuliza, mzazi aeleze. Lakini jiwe halina mdomo. Mzazi akinyamaza, linabaki jiwe tu.

Nimeanza hapo kwa sababu familia kadhaa kanisani mwetu zinafundisha watoto nyumbani, na swali linalonifikia mara nyingi ni hili: "Mchungaji, tununue mtaala gani wa historia ya Kikristo? Nina wa miaka 6, wa 9 na wa 14. Ninunue mitatu?" Na wewe ambaye watoto wako wanaenda shule, usifunge masikio. Jumamosi jioni ni yako.

Asafu katika Zaburi 78 ametupa vipimo. Nami nakuomba ukienda dukani, nenda navyo.

Kipimo cha kwanza: je, kitabu kinasimulia matendo ya Mungu, hata yale aliyoyatenda Afrika? Asafu anaahidi kutowaficha watoto sifa za Bwana. Mitaala mingi tunayoipata imeandikwa Marekani, kwa watoto wa Marekani. Si dhambi, kila mtu huwasimulia wanawe habari za kwao. Lakini kama kitabu kinatoka Yerusalemu, kinapita Roma, kinafika Ulaya na Marekani, halafu Afrika inatajwa tu wakati mmishonari anashuka melini, hapo kuna shimo, na ni wewe mzazi utalijaza.

Kwani nini kinakosekana? Matendo 8, towashi wa Kushi anabatizwa kabla Paulo hajaokoka. Mwaka 203, kule Carthage, Tunisia ya leo, Perpetua, mama kijana mwenye mtoto anayenyonya, anauawa kwa ajili ya Yesu pamoja na Felicitas, mtumwa aliyejifungua gerezani. Mwaka 354 Augustino anazaliwa katika nchi tunayoiita Algeria, na mama yake Monika anamlilia Mungu miaka mingi mpaka mwana anaokoka. Karne hiyo hiyo mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, anaipokea imani.

Hii si mapambo. Mtoto wako ataenda chuo. Siku moja kule hosteli mwenzake atamwambia, "Hii dini ni ya mzungu, ililetwa ili tufunge macho tukinyang'anywa shamba." Atajibu nini? Kama hajui lolote kabla ya mwaka 1844, Krapf alipofika Mombasa, hana jibu. Atanyamaza, na pengine mwaka unaofuata hutamwona ibadani. Wazazi wengine wenu mnajua ninachosema.

Kipimo cha pili: je, kitabu kinasema dhambi za baba zetu? Hapa ndipo wengi tunaogopa. Lakini Zaburi 78 ni ndefu, na sehemu kubwa ni aibu! Waliasi, walimjaribu Mungu, walisahau. Asafu aliwaimbia watoto hayo yote. Anataka wasiwe kama baba zao, na watajuaje kama wamefichwa?

Basi mwambie mtoto ukweli. Katika ngome ya Cape Coast, Ghana, palikuwa na kanisa juu ya shimo walimofungiwa watumwa. Hapa kwetu mashamba yalichukuliwa kweli, na wako watu wa kanisa walionyamaza. Yule mwenzake wa hosteli hajasema uongo mtupu, amesema nusu. Mtoto aliyesikia hiyo nusu kwanza mezani kwa mama yake hatashtuka akiisikia kwingine. Aliyefichwa atauliza: "Na nini kingine walinificha?"

Kisha msimulie nusu ya pili. Rabai na Freretown palikuwa na Wakristo Waafrika waliokombolewa kutoka utumwani. Mmoja wao ni William Jones, aliyesomea India. Mwaka 1885 alisafiri na Askofu Hannington kuelekea Uganda. Hannington alipouawa Busoga, ni Jones aliyeuongoza msafara uliobaki kurudi Rabai. Mwulize mtoto: huyu naye alidanganywa na mzungu, ama alimjua Yesu mwenyewe?

Na sisi Wapentekoste tusijisahau. William Seymour, mwana wa waliokuwa watumwa, alilazimika kusikiliza masomo ya Biblia akiwa nje ya mlango wa darasa kule Houston, kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1906 Mungu akamtumia katika uamsho wa Azusa Street, Los Angeles. Dhambi ya watu na neema ya Mungu ziko katika habari moja. Usikate kipande.

Kipimo cha tatu: je, mtoto akimaliza somo anamtumaini Mungu, ama anamtumaini shujaa? Mstari wa 7 unasema lengo ni waweke tumaini lao kwa Mungu. Kitabu kinachomfanya kila mtumishi malaika, ama kinachosema taifa fulani ndilo ufalme wa Mungu, kisome kwanza wewe mwenyewe ukiwa na kalamu mkononi.

Haya, watoto watatu, umri mbalimbali. Usinunue mitaala mitatu, mama. Utachoka kabla ya Pasaka! Katika Kutoka 12 mtoto anauliza maana ya ibadha ile, na nyumba nzima iko mezani. Historia si kama hesabu, kwamba ukiruka darasa umepotea. Tafuta mtaala unaoweka familia nzima katika kipindi kimoja kwa wakati mmoja. Mingi huigawa historia kwa miaka 4: ya kale, ya kati, ya karne zilizofuata, kisha ya sasa. Mkimaliza, mnarudi mwanzo, na yule aliyekuwa anachora sasa anaandika.

Kwetu tunafanya hivi. Mama watoto anasoma habari moja kwa sauti, dakika 20. Tuseme ni Perpetua. Kitinda mimba anachora gereza na kutueleza mchoro wake. Wa katikati anasimulia kwa maneno yake, halafu anaandika mistari mitano. Mkubwa anasoma maneno ya Perpetua mwenyewe, maana aliandika akiwa gerezani, kisha anajibu swali moja gumu: baba yake alipomsihi akane imani, je, alimkosea heshima mzazi? Jioni tunalijadili wote. Ukutani tuna kamba ndefu yenye vikaratasi vya miaka, na kila somo linaongeza kimoja. Gharama yake ni kamba na vibanio vya nguo.

Jambo la mwisho, na hili halimo katika mtaala wowote. Mpigie nyanya simu. Mwulize nani alileta Injili kijijini kwenu, aliokoka lini, nani alimpinga. Mtoto aandike, naye nyanya apewe nafasi kwenye ile kamba, pamoja na Augustino. Fanya haraka. Wazee waliomjua Yoshua hawaishi milele.

Tuombe. Baba, umetutendea mambo makuu, na midomo yetu imekuwa mizito. Tupe ujasiri wa kuwaambia watoto wetu kweli yote, ili waweke tumaini lao kwako. Kizazi kisichokujua kisitoke katika nyumba zetu. Katika jina la Yesu, amina.