Supu ya Ukwaju Mtaani Karama

Misa za Jumapili zikiisha katika Kanisa la Mtakatifu Maria, Oud Metha, umati hutawanyika kuelekea Karama, na wengi wao ni Wafilipino wenye njaa. Huvuka barabara kwa makundi, akina dada wameshikana mikono, kisha huingia vichochoroni nyuma ya maduka. Humo ndimo ulimo mgahawa ninaoupenda kuliko yote Dubai. Una meza za plastiki, televisheni yenye mashindano ya kuimba, kijiko na uma vikubwa vya mbao ukutani, na picha ya Karamu ya Mwisho, mapambo ambayo hayakosekani katika nyumba nyingi kule Ufilipino.

Vyakula hukaa nyuma ya kioo. Unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Wali na vitoweo viwili ni dirhamu 20 hivi, na bakuli dogo la supu halilipiwi. Wali ukiisha kabla ya mchuzi, unaongezwa kabla hujafungua kinywa kuomba. Wahudumu huwaita wateja kuya na ate, kaka na dada, nami humwita mwenye mgahawa ate, kwa kuwa kwa umri ni dada yangu mkubwa. Wengi hushika kijiko kwa mkono wa kulia na uma kwa wa kushoto. Kisu hakina kazi. Atakaye kula kwa mkono hula kwa mkono, wala hapana anayemkodolea macho. Nyama ya nguruwe haipikwi humo, kwa hiyo sisi Waislamu tunaketi kwa amani.

Kilichonifunga pale ni sinigang. Ni mchuzi mwepesi uliotiwa ukwaju mpaka taya zinakaza, na ndani yake kuna kamba, figili, bamia, biringani na mboga za majani. Wakati mwingine ate huupika kwa mwatiko, samaki ambaye Wafilipino wamemfuga mabwawani kwa karne nyingi na ambaye siku hizi wafugaji wa Pemba, Mafia na Kilifi nao wanamjua. Aliyekulia urojo hafundishwi utamu wa ukali ule. Iko na laing, majani ya magimbi yaliyokaushwa kisha yakapikwa kwa tui zito na pilipili, chakula cha watu wa Bicol. Kare-kare ni mkia wa ng'ombe katika rojo la karanga. Chumvi yake huwekwa pembeni, kijiko cha uduvi uliochachushwa, nawe unauchovya kidogo kidogo. Mara ya kwanza harufu ya uduvi ule ilinipeleka moja kwa moja sokoni Darajani, kwetu Zanzibar.

Undugu huu haukuishia kwenye sahani. Mama yangu alilima mwani Jambiani. Mbegu ya mwani ule ililetwa Zanzibar kutoka Ufilipino, na kilimo chake cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989, Paje na Jambiani. Siku nilipomwonyesha ate picha ya akina mama wameinama majini kati ya vigingi na kamba, aliita jikoni kwa sauti. Akatoka msichana wa kupika, mzaliwa wa Bohol, akaitazama simu yangu kwa muda mrefu, akasema mama yake naye alifunga mwani, na kwamba mgongo unaouma ni ule ule. Tukabaki tunazungumza bei za madalali hadi wali wangu ukapoa.

Tazama wanaokula pale. Wapo wauguzi, wapokezi wa hoteli, mafundi cherehani, na zaidi ya wote wafanyakazi wa majumbani, wa Kifilipino na siku hizi wa Kenya na Uganda pia. Sheria ya Emirati ya mwaka 2022 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kwa wiki. Siku sita nyingine amekula amesimama, baada ya watoto wa wenyewe kushiba. Serikali ya Manila ilianza kupanga rasmi upelekaji wa wafanyakazi ng'ambo mwaka 1974, enzi za Ferdinand Marcos, na leo fedha wanazotuma nyumbani hupita dola bilioni 30 kwa mwaka. Nikiisikia hesabu hiyo nawaza matumbo. Mshahara wa mmoja wao ukiingia, kwanza ada ya mdogo wake, kisha dawa za mama, kisha bati za nyumba isiyokwisha, kisha boksi kubwa la sabuni, viatu na nyama za kopo litakalosafiri wiki kadhaa kwa meli. Chake ni kile kinachosalia. Naijua hesabu hiyo kwa sababu nami ndiyo niliyoishi nayo, na najua kwamba cha kwanza kukatwa siku zote ni chakula cha anayetuma.

Nilimuuliza ate mbona hapandishi bei ilhali kodi za Karama zinapanda. Alijibu huku anafuta meza: akiongeza dirhamu tano tu, mabinti wa majumbani watarudi kula tambi za pakiti juu ya vitanda vyao. Yeye mwenyewe alikuja mji huu kulea watoto wa watu. Kwa hiyo anapunguza kwingine. Kamba hununua wadogo, mboga huzifuata mwenyewe alfajiri, na anayeosha vyombo ni mumewe, baada ya kazi yake ya udereva.

Mimi naiona bei ile kuwa ni heshima. Mtu anayejinyima kwa ajili ya wengine anastahili walau mlo mmoja kwa wiki ambao hataukokotoa kichwani tonge kwa tonge, mahali ambapo hafukuzwi kwa macho akimaliza kula, ambapo anaweza kukaa, kupiga simu nyumbani na kulia kidogo ikibidi, kisha akaongezwa supu. Tumezoea kuamini kwamba chakula cha mfanyakazi ni cha kujaza tumbo basi, na mapishi ya haki ni ya wenye nafasi. Ate anapika mkia wa ng'ombe kwa saa nyingi ili yaya aule kwa bei ya yaya.

Wenzetu mnaofungua migahawa ya Kiswahili Dubai, Doha na Muscat, nawaomba mpite Karama Jumapili moja. Muangalie ubao wa bei, muangalie wali unavyoongezwa. Halafu, kwenye orodha zenu za biriani na pweza, mmwekee nafasi binti wa Tanga au Mombasa mwenye dirhamu kumi na tano na saa chache za uhuru. Wali wa nazi, maharage na tembele vinatosha kuanzia.