Usemi wa Kupimwa katika Mchezo wa Sinema

Wako wasemao kuwa maneno ya mchezo wa sinema hayana budi kuandikwa kama yasemwavyo barabarani, na kuwa mwandishi ayapambaye husema uongo kwa vinywa vya wengine. Hoja hii yavutia, lakini yafaa ipimwe Kaloleni, mjini Arusha, penye uwanja wa michezo uitwao kwa jina la Sheikh Amri Abeid. Mshairi huyo alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Hakuna adhaniaye kuwa watu huzungumza kwa mistari ya mizani 16, wala hakuna amwitaye malenga mwongo.

Mswada wa sinema nao una sheria zake. Kila onyesho hutanguliwa na mstari mmoja: ndani au nje, mahali, mchana au usiku. Hufuata yawezayo kuonekana, kisha jina la msemaji na maneno yake. Kwa desturi ukurasa mmoja huhesabiwa dakika moja ya picha. Fikira za moyoni hazina mahali. Zitoke kwa tendo au kwa ulimi.

Na ichukuliwe kuwa kijana amefika kwa mzee wa Kaloleni kudai fedha alizomkopesha. Katika maisha, shikamoo hufuatwa na habari za nyumbani, za watoto, za mvua upande wa Meru, hata chai ya mke wa mzee inywewe. Mwandishi mwenye haraka hukata yote: "Mzee, nataka fedha zangu." Ameokoa dakika, akamfanya kijana mtovu wa adabu. Mwingine huandika kila neno, na kurasa tatu zaisha deni halijatajwa. Fundi huandika hivi:

NDANI. SEBULE YA MZEE. JIONI.
KIJANA: Shikamoo, mzee.
MZEE: Marahaba. Mama hajambo?
KIJANA: Hajambo. Nimekuja kwa sababu ya...
MZEE: Na mvua huko kwenu?

Salamu za kweli hazina ufupi huo, lakini hofu ya mdaiwa yasikika nzima.

Dhuluma kubwa zaidi hutendeka pasipo neno lolote. Sinema ya Hatari! ya Howard Hawks, ambayo mswada wake uliandikwa na Leigh Brackett, ilipigwa pande za Momella karibu na Mlima Meru, ikatolewa mwaka 1962. Jina lake ni la Kiswahili. Wasemaji wake wakuu ni wageni, nao husema Kiingereza. Hapo wenyeji hawakupotoshwa na usemi wa kupambwa, walikosa usemi.

Hata fundi wa Kaloleni ana la kujibu. Chai aliyoikata iliandaliwa na mke wa mzee, naye sasa hayumo katika onyesho.