Mfalme Aliyeteka Ngome ya Yesu: Je, Jeraha Linahalalisha Dhambi?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Katesh. Siku moja ya mnada jamaa niliyepokea naye kipaimara alinisimamishia bodaboda yake. "Frateri, panda nikusogeze." Tulipofika mjini tukaingia kwenye kibanda cha chai, maana ule upepo wa Hanang asubuhi mnaujua. Nikamuuliza swali ambalo sisi mafrateri huwa tunauliza bila kufikiri: "Vipi, mbona siku hizi hatukuoni kanisani?"

Akaweka kikombe chini, akanisimulia. Mama yake aliugua muda mrefu, akashindwa kwenda jumuiya, na michango ikalala. Alipofariki, kiongozi mmoja (sitamtaja, wala sitasema ni wapi) alifungua daftari mbele ya waombolezaji na kusema kwamba huyu mama hana haki ya kuzikwa na Kanisa. Akazikwa na majirani, bila padre, bila katekista. "Sasa frateri," akasema, "mimi nilimkosea nani? Mtoto wangu hatabatizwa. Na mke wangu nimemkataza kukanyaga huko."

Kiukweli sikuwa na jibu. Nimesoma falsafa miaka yote ile, na chai ikapoa mbele yangu. Lakini usiku ule nilimkumbuka mtu mmoja niliyemsoma katika historia ya Kanisa katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Nataka niwasimulie habari zake, kwa sababu swali lake na swali la rafiki yangu ni moja: mtu akiumizwa na watu wa Kanisa, anachokifanya baadaye ni kosa lake au ni kosa lao?

Mtu huyo ni Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa. Ubatizo ulimpa jina la Dom Jerónimo. Vitabu vya historia vinamwita pia Chingulia.

Baba yake, Sultani Hasan, alitawala Mombasa na Malindi chini ya Wareno. Wareno walikuwa wameanza kujenga ngome pale Mombasa mwaka 1593, wakaiita Ngome ya Yesu. Ni hii hii Fort Jesus ambayo watalii wanaitembelea leo. Sultani alikuwa rafiki wa Wareno kwanza, lakini akagombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara. Mwaka 1614 akauawa huko na watu waliolipwa na Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa, India, makao makuu ya Wareno Mashariki.

Mwanawe Yusuf alikuwa bado mtoto mdogo. Naye alipelekwa Goa hiyo hiyo. Akalelewa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, akasomeshwa, akabatizwa, akaoa mke Mkristo. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme Mkatoliki chini ya mfalme wa Ureno, ambaye miaka hiyo ndiye aliyekuwa pia mfalme wa Hispania. Yusuf akaandika barua kwa Papa Urbano VIII kuahidi utii wake. Kwenye karatasi, mambo yote yalikuwa safi.

Lakini mtaani hayakuwa safi. Waislamu wa Mombasa walimwona ameacha dini ya wazee wake. Makapteni wa ngome hawakumheshimu. Kwao alikuwa mfalme wa jina tu. Yaani huku hawamtaki, kule hawamtaki. Ikasemekana kwamba usiku anakwenda kwenye kaburi la baba yake na kusali kwa namna ya Kiislamu. Habari zikamfikia kapteni Pedro Leitão de Gamboa, ukafanyika mpango wa kumpeleka Goa akahukumiwe na Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa iliyochunguza imani za watu.

Yusuf akawahi. Agosti 1631, katika siku za sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni na kuiteka ngome. Akatangaza kwamba amerudi katika Uislamu. Kisha Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika waliobatizwa, waume kwa wake, wakatakiwa kuchagua: waikane imani au wafe. Wanahistoria hutaja karibu watu 300 waliouawa, wakiwemo mapadre wa Mtakatifu Augustino. Mwaka uliofuata uchunguzi ulifanyika Goa, mashahidi wakahojiwa ili Kanisa liwatambue kuwa wafiadini. Hadi leo hawajatangazwa wenye heri. Yusuf mwenyewe aliizuia meli za Goa zilizokuja kumwadhibu, kisha akaiacha Mombasa mwaka 1632, akageuka haramia wa baharini, na akafia upande wa Bahari ya Shamu.

Sasa tufikiri pamoja.

Kuna majibu mawili ya haraka. La kwanza: "Yusuf ni msaliti na muuaji, basi." Hivyo ndivyo Wareno walivyoandika. Juu ya lango la Fort Jesus kuna maandishi ya mwaka 1635 ya kapteni aliyeikarabati ngome. Yanamtaja mfalme dhalimu na watu walioasi. Juu ya baba aliyeuawa mwaka 1614 hakuna hata neno moja. Ni rahisi kuanza hadithi pale ambapo mwenzako anakukosea, ukaruka pale ulipomkosea wewe kwanza. Nadhani sisi watu wa Kanisa tunafanya hivyo mara nyingi. Tunasema, "Yule kijana kaasi." Hatusemi nani alifungua daftari kwenye msiba wa mama yake.

Na jambo hili si geni katika mafundisho yetu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, miaka zaidi ya 300 kabla ya Yusuf, alifundisha kwamba asiyeamini hawezi kulazimishwa aamini, kwa sababu kuamini ni tendo la hiari. Alifundisha pia kwamba watoto wa wasioamini wasibatizwe kinyume cha matakwa ya wazazi wao, maana hilo linavunja haki ya asili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilitangaza tena fundisho la uhuru wa dini mwaka 1965. Je, Yusuf alibatizwa kwa hiari kamili? Mungu ndiye ajuaye moyo wake. Ila nijiulize: mtoto yatima, ng'ambo ya bahari, mikononi mwa dola lililomuua baba yake, hapana angeisemaje? Sisemi kwamba wale watawa waliomlea walikuwa watu wabaya. Huenda walimpenda. Lakini msalaba aliofundishwa kuuheshimu ulikuwa juu ya ngome ile ile ya waliomuua baba yake. Hilo ndilo kwazo, na Bwana wetu alisema wazi kuhusu wanaowakwaza wadogo: afadhali jiwe la kusagia shingoni na kilindi cha bahari.

Jibu la pili la haraka ni hili: "Walimuumiza, kwa hiyo hana kosa." Hili linapendwa sana siku hizi, hata mimi linanivuta. Lakini linamvunjia Yusuf heshima kuliko hata lile la kwanza. Nieleze.

Mnakumbuka tarehe 3 Desemba 2023. Tope lilishuka kutoka mlima Hanang likafunika sehemu ya mji wetu, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Wataalamu wakatueleza chanzo: mvua nyingi, miamba dhaifu iliyonyonya maji, kipande cha mlima kikameguka. Tulilia na tunalia bado. Lakini hakuna aliyeuhukumu mlima. Mlima hauna hiari. Ukijaa maji, unameguka. Kwa mlima, ukishaeleza chanzo umemaliza kila kitu.

Mtu si mlima. Mtu anaweza kujaa uchungu mpaka pomoni na bado akachagua. Ukisema Yusuf hakuwa na namna, umemfanya kipande cha mwamba. Ukisema alikuwa mtu, basi unakubali kwamba alikuwa na sababu kubwa ya kuchukia, na bado tendo lake ni lake. Jeraha linaeleza. Linaweza hata kupunguza uzito wa kosa, na Kanisa linafundisha hivyo kuhusu woga na hasira kali. Lakini jeraha halitendi. Anayetenda ni mtu.

Tazameni sasa alichotenda. Kapteni aliyegombana na baba yake mwaka 1614 siye aliyekuwa ngomeni mwaka 1631. Wale Waafrika waliobatizwa hawakukata kichwa cha mtu. Tena ule uchaguzi aliowapa, badili dini au ufe, ni ule ule ubabe wa kugusa dhamiri ya mtu mwingine uliokuwa unamtafuna yeye. Alichotendewa, naye akakitenda, mara 300. Hapo ndipo jeraha linapogeuka hatari: linakupa mamlaka ya kumfanyia asiyehusika kile kile kilichokuumiza.

Kwa hiyo ninaamini hesabu ni mbili, na hazifutani. Makapteni watatoa hesabu yao mbele za Mungu kwa ajili ya Sultani Hasan na kwa mtoto waliyemkwaza. Yusuf atatoa yake kwa ajili ya wale 300. Dhambi ya kapteni haimsafishi Yusuf, na dhambi ya Yusuf haimsafishi kapteni. Anayetaka kuunganisha hesabu hizi mbili, mara nyingi anatafuta namna ya kukwepa ya kwake.

Siku mbili baadaye nilimtafuta rafiki yangu. Nilianza na hesabu ya kwetu. Nikamwambia, "Walichomfanyia mama yako ni dhambi. Hakikuwa sheria ya Kanisa, ilikuwa ukatili uliovaa daftari. Mimi si mkubwa wa mtu, lakini nakuomba msamaha." Hakusema kitu. Nikamsimulia habari za Yusuf, kama nilivyowasimulia ninyi. Kisha nikasema, kwa woga kidogo: "Kaka, wewe ukikaa nyumbani, hayo ni kati yako na Mungu, nami sitakusukuma. Lakini shemeji yeye alimkosea nani? Walifunga mlango mbele ya mama yako. Na wewe umeufunga mbele ya mke wako."

Alikasirika. Aliniuliza, "Na wewe ukipewa parokia, utakuwa kama wao?" Nilimjibu kwamba sijui, na kwamba swali hilo naenda nalo seminarini. Kweli ninalo. Kila nikivaa kanzu nakumbuka kwamba ile ngome nayo ilikuwa na jina la Yesu.

Jumapili iliyofuata mke wake alikuwa kanisani, mtoto mgongoni. Nilipotoka baada ya Misa nilimkuta yeye nje, amekaa juu ya pikipiki, anawasubiri. Tulisalimiana. Hakuingia, wala sikumwambia aingie.

Ndugu yangu unayesoma, kama uliumizwa na mtu wa Kanisa, hujakosea kusema umeumizwa. Lisema kwa jina lake, mwone paroko, na usipopata haki hapo nenda mbele zaidi. Ila angalia usije ukamlipisha asiyehusika: mke, mtoto, mdogo wako, au moyo wako mwenyewe. Na kama wewe ni kiongozi wa jumuiya, wa kigango, wa VIWAWA, au frateri kama mimi, kabla ya kufungua daftari uliza ni nani anayekutazama.

Wiki hii tusali fumbo moja la rozari, Kupalizwa Bikira Maria, kwa ajili ya waliouawa Mombasa siku zile. Na tumwombee pia Yusuf.