Nyumba ya Kale, Kazi Mpya: Je, Bado Ni Ile Ile?



Katika makambi yetu makanisa mengi yamekwisha kupata majengo mapya yenye mabati. Lakini kando yake bado limesimama lile la kwanza, la matofali mabichi, walilolijenga wazazi wetu baada ya kuvuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 na miaka iliyofuata. Humo tulibatizwa, tukafunga ndoa, tukawaaga marehemu wetu. Sasa tunaulizana: tulifanyie nini? Wengine wanasema libomolewe, matofali yagawanywe. Wengine wanasema lifungwe kwa kufuli, liwe ukumbusho. Wengine wanataka wajane waweke humo cherehani zao, na asubuhi wasome watoto wa chekechea. Tena wapo wanaosema lipangishwe kwa wafanyabiashara liwe ghala, maana kanisa lina shida ya fedha. Chini ya mashauri hayo yote lipo swali moja: nyumba ikibadilishiwa kazi, tumeitunza au tumeipoteza?

Tutazame mfano wa ziwani kwetu. Huko Karema, kwenye mwambao wa Tanzania, Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianza kujenga ngome mwaka 1879. Alitumwa na chama cha Leopold wa Pili, mfalme yule yule ambaye Wakongo wanamkumbuka kwa mateso ya mpira. Mwaka 1885 ngome hiyo ikakabidhiwa Mapadre Weupe, nao wakaifanya misheni. Mwaka 1889 akafika hapo Adrian Atiman, mtu wa Afrika Magharibi aliyetekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, kisha akasomea uganga kisiwani Malta. Akawatibu wagonjwa na kufundisha dini Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Mahali palipojengwa kwa ajili ya mfalme wa mbali, mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa akawahudumia wanyonge.

Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kuta hazina moyo wa kuchagua. Wanaozitumia ndio wanaozipa maana. Pili, kazi mpya haifuti habari ya kwanza. Anayesimulia Karema ni lazima ataje ngome na misheni pia, uchungu na neema. Akificha kimoja, hajatunza kitu.

Lakini si kila kazi mpya ni njema. Katika Yohana sura ya 2, Bwana wetu alilikuta Hekalu limejaa wauza ng'ombe na wabadili fedha, akawafukuza. Kuta zilikuwa zimesimama, sadaka ziliendelea kutolewa, lakini nyumba ilikuwa imegeuka soko. Kwa hiyo nyumba inaweza kupotea huku ukuta haujapata hata ufa. Ndiyo maana shauri la ghala linatupa wasiwasi. Kodi itakuja, ni kweli, lakini mlango ambao haukuwahi kumwuliza mtu ana nini mfukoni utafunguliwa kwa mwenye mali peke yake.

Wengine watauliza: je, cherehani si kazi ya dunia? Mahali palipowekwa wakfu paguswe na mkasi na uzi? Tunawaheshimu wanaosema hivyo, maana wanaogopa kumdharau Mungu. Hata hivyo wasome Marko sura ya 2, pale Yesu anapowakumbusha Mafarisayo jinsi Daudi na wenzake walivyokula mikate mitakatifu walipokuwa na njaa. Kitu kitakatifu hakikuchafuka kwa kumlisha mwenye njaa. Mjane anayejifunza kushona ili mtoto wake apate daftari hainajisi nyumba ya Bwana.

Wengine watasema: sisi ni wapitaji, Waebrania 13 inatuambia hatuna mji wa kudumu hapa, tuhangaikie nini nyumba ya udongo? Jibu tunaliona Lugufu. Kambi ile ya Wakongo ilifungwa mwaka 2009, na leo Lugufu kuna shule za sekondari. Mahali tulipolia, watoto wa wenyeji waliotupokea wanasoma. Mpitaji mwema huacha kisima, haachi shimo.

Isaka naye alikuwa mpitaji. Mwanzo 26 inaeleza kwamba visima vya Ibrahimu baba yake vilifukiwa udongo na Wafilisti, naye akavichimbua upya, akaviita majina yale yale aliyoyatumia baba yake. Hakuvizungushia ua ili vitazamwe. Alitoa maji, watu na mifugo wakanywa. Jina la kale na maji mapya, huko ndiko kutunza.

Basi, kabla ya kuamua tujiulize: Je, kazi mpya inawahudumia wale ambao nyumba ilijengwa kwa ajili yao, hasa wasio na mtu? Je, habari yake itaendelea kusimuliwa kwa watoto? Na je, yupo atakayeziba paa mvua zikija? Sote tunajua kwamba nyumba ya udongo isiyofagiliwa huliwa na mchwa, na kufuli halijawahi kuzuia mvua. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sisi tunaona wajane na watoto wapewe nyumba ile, jina lake la kwanza libaki mlangoni, na kila mwaka wazee wawasimulie watoto jinsi ilivyojengwa. Itakuwa pia mazoezi. Huko tulikotoka yapo makanisa yaliyolaliwa na askari, mengine na wakimbizi wenzetu. Siku tutakayorudi tutahitaji hekima ya kuyaingia bila kuyachukia na bila kusahau yaliyotokea ndani yake.

Bwana atupe moyo wa kujenga na moyo wa kutunza. Amina.