Mwenye Kusinzia kwa Dawa, Ana Lawama?

Ndugu zetu wa Longech riziki yao imo katika Ziwa Turkana, na wengine huingia majini usiku. Swali ni hili: nahodha ameshikwa na mafua, akameza kidonge cha halali, akasinzia mkononi mwake mna usukani, watu wakaghariki. Je, ana lawama?

Wanavyuoni wa Kishafii wamepambanua baina ya kusinzia na kulala. Mwenye kusinzia husikia maneno ya walio karibu naye wala asiyafahamu, na udhu wake hautanguki. Hilo lamtosha mwenye udhu, halimtoshi nahodha. Upepo mkali wa ziwa lile hautaki mtu wa kuusikia tu. Na dereva wa lori baina ya Lodwar na Kakuma, kiasi cha kilomita 120, ni kama yeye.

Dawa kama Piriton na promethazini hupenya hata ubongoni, zikaizuia histamini, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kumweka mtu macho. Hili si siri. Hata juu ya karatasi ya dawa limeandikwa.

Atasema mtu: aliyelala kalamu imeinuliwa juu yake. Ni kweli. Lakini mafakihi hao hao wamesema kuwa mwenye kujigeuza usingizini akamlalia mtoto akafa, dhambi hana, na diya yapasa. Basi dhambi ni jambo moja na dhamana ni jingine. Tena huyu wetu hakughafilishwa. Alijua, kisha akang'oa nanga. Kosa lake limetangulia usinzizi wake.

Atajibu kuwa watoto wake hawatakula asipovua. Udhuru huu ni mzito, wala haumdhani mzaha illa aliyeshiba. Lakini abiria nao wana watoto. Na ampe mwenziwe usukani, au amwombe tabibu dawa isiyolevya sana, kama loratadini. Na mwenye chombo amlazimishaye mgonjwa kutoka, sehemu ya lawama ni yake.

Pana na usinzizi usioletwa na dawa. Mwalimu wa chuo hunyanyua bakora kwa mtoto asinziaye, kabla ya kumgusa kipaji akajua kama ana homa! Katika nchi ya malaria, mtoto mwenye homa aliyelegea, asiyeamka vyema wala kunywa, huenda maradhi yamemfika ubongoni. Huyo hupelekwa hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane.